Wavu wa dagaa juu ya bwawa la bustani: juu nyota tano, chini moja

Kipande cha wavu wa dagaa kutoka maduka ya zana za uvuvi Mwanza hulinda viluwiluwi vizuri dhidi ya wanaotoka angani: mdiria, yangeyange, fundichuma. Nunua wenye nyuzi za kusokotwa na macho ya milimita 8. Timba, yaani wavu wa uzi mmoja usiosokotwa, usiiguse. Kuvulia ni marufuku, na uzi wake mmoja mwembamba hunasa ndege na kukata ngozi ya chura.

Kipimo hicho huwachanganya wengi. Milimita 8 ni jicho likiwa limevutwa. Likifunguka mraba, kila upande ni kama milimita 4 tu. Kwa hiyo kiluwiluwi kikishaota miguu na mkia kusinyaa, chura huyo mchanga hana pa kutokea. Acha upenyo wa sentimita 3 upande wenye majani marefu, na uweke jiwe la mteremko linaloanzia ndani ya maji (Mwanza ni Jiji la Mawe, halikosekani). Nyoka mwembamba naye atapita hapo hapo. Kenge hahitaji upenyo, anapasua.

Usiulaze juu ya maji. Nailoni ikilowa hurefuka, wavu unabonyea katikati, na ulegevu huo ndio unaonasa nyoka na ndege. Tengeneza fremu ya bomba la plastiki la nusu inchi, sentimita 30 juu ya maji, funga kila baada ya sentimita 20, kisha kaza tena baada ya mvua ya kwanza.

Chini ya maji wavu hausaidii kitu. Buu la kereng'ende hukaa kwenye tope na kufyatua taya la chini kumdaka kiluwiluwi. Huweza kuingia likiwa bado yai, limebandikwa kwenye mimea iliyong'olewa ziwani. Gugumaji kutoka ufukweni lisiingie kabisa. Chota tope la kingoni kwa chujio, limwage kwenye beseni jeupe lenye maji, mabuu yataonekana yakitambaa. Kambale aondolewe, pamoja na Xenopus victorianus, chura anayeishi majini karibu maisha yake yote, ambaye hula viluwiluwi vya wenzake.

Wapo wanaofunika kwa chandarua chakavu kwa kuwa ni cha bure. Kama kiliwekwa dawa, hata cha zamani, kikigusa maji kinaweza kuua viluwiluwi na samaki kabla ndege hajafika.