Mashine ya zamani ya kukata nyasi ya Australia: angalia inawashwaje kabla hujatoa pesa

Jumamosi asubuhi hapa Sydney, watu wakitoa vitu vya gereji kuviuza uani, mashine ya kukata nyasi ya miaka ya 60 au 70 haikosekani. Utaikuta kando ya baiskeli ya mtoto na boksi la sahani, imepanguswa vumbi, na mwenyewe atakwambia, "Mara ya mwisho iliwaka." Muulize hiyo mara ya mwisho ilikuwa lini, umwangalie anavyojikuna kichwa.

Nimeshanunua mashine hizi kwa rangi, nimeshanunua kwa jina, na mara zote mbili nilirudi nyumbani na pambo. Siku hizi nainama kwanza nione inawashwaje. Kisu butu unakinoa kwa tupa robo saa, gurudumu unabadilisha, bati unapiga rangi. Lakini kiwashio kikiwa kibovu na vipuri vyake havipatikani, umejinunulia chuma cha kukutoa jasho kila wikiendi bila kukata hata jani moja. Kwa hiyo nimezipanga kwa namna zinavyowashwa, kuanzia ile ningemnunulia mdogo wangu hadi ile ningemkataza.

Ya kwanza: Victa ya 160cc, kamba ya kujirudisha

Hakuna mtaa wa Australia usioijua Victa. Mwaka 1952, kwenye gereji yake huko Concord, Sydney, Mervyn Victor Richardson aliunga mashine kwa vyuma chakavu: injini ndogo iliyolazwa ubavu, kisu kinachozunguka chini yake, na kopo tupu la pichi likawa tangi la petroli. Jina la Victa limetoka kwenye hilo jina lake la katikati. Miaka michache baadaye alikuwa na kiwanda kikubwa Milperra, na kampuni hiyohiyo ikafika hadi kutengeneza ndege ndogo, Airtourer. Sydney ilipofungua Olimpiki ya mwaka 2000, mashine za kukata nyasi ziliingizwa uwanjani mbele ya dunia nzima. Ndivyo wanavyozipenda.

Za mwanzo zilitumia injini za Villiers. Baadaye Victa ikatengeneza injini yake, tu-stroki (ile inayonywa petroli iliyochanganywa na oili) ya 125cc, halafu ile ya 160cc. Hiyo ya 160 ndiyo ninayoiweka namba moja, na sababu yangu si ya kimapenzi: vipuri. Zilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba hadi leo kamba, springi, meno ya kiwashio na vifaa vya kabureta vinauzwa dukani kama sabuni. Mpya huzioni tena, kwa kuwa tangu Julai 2019 injini ndogo zisizofikia viwango vya moshi haziruhusiwi kuuzwa, na tu-stroki za namna hii zikaishia hapo. Sheria ile ililenga mashine mpya, hivyo ya mzee wa jirani inauzwa bila tatizo.

Kamba ya kujirudisha ni kitu rahisi ukiifungua. Ndani kuna puli, na kwenye puli kuna springi bapa iliyojikunja kama mkeka. Ukivuta, meno yanachomoza na kuishika flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Injini ikishika moto, meno yanarudi ndani na springi inaivuta kamba nyumbani. Kwa hiyo ukiwa kwa muuzaji, vuta polepole kwanza. Unatakiwa usikie meno yakishika mapema, kabla mkono haujafika mbali. Kamba ikitoka nusu mita nzima ndipo injini iguswe, meno yamelika. Ikitoka na isirudi, springi imekatika au imechoka. Yote mawili yanatengenezeka, lakini yawe sababu ya kushusha bei.

Endelea kuvuta polepole hadi uguse ukuta: pistoni inapanda, mkono unakuwa mzito, halafu unaachiwa ghafla. Ukuta huo ndio mbano wa injini. Usipokuwepo kabisa, usikimbilie kusema ringi (pete za pistoni) zimekwisha, maana baadhi ya injini za Victa zina vali ndogo kichwani ya kupunguza mbano ili mvutaji asiumie. Iangalie kama imekwama ikiwa wazi.

Halafu mafuta. Ni lita 25 za petroli kwa lita moja ya oili, yaani mililita 200 kwenye galoni la lita 5. Muulize muuzaji alikuwa anachanganya vipi. Akijibu kwamba oili anaitia kwenye injini na petroli kwenye tangi, hiyo tu-stroki imekuwa ikinywa petroli kavu, na ringi zake zinajua.

Ya pili: Scott Bonnar Model 45 yenye injini ya Briggs & Stratton

Hii ni ya watu wenye wivu na ukoka wao. Scott Bonnar ilikuwa kampuni ya Adelaide, na Model 45 haina kisu cha kuzunguka chini kama feni. Ina silinda ya visu vilivyopinda, inayokata nyasi dhidi ya kisu kimoja kilichotulia, kama mkasi. Utaikuta ya inchi 14, 17 au 20, ina roli nyuma, na inaacha ile mistari ya uwanja wa kriketi. (Nyasi wanazozipenda hapa ni ukoka wetu uleule, na nyingine wanaziita kikuyu. Ndiyo, zilitoka nyanda za juu za Kenya na jina lake. Nilicheka siku niliyoambiwa nyumba inapendeza kwa sababu "ina kikuyu nzuri".)

Kiwashio cha Briggs za zamani nakipenda kuliko hata cha Victa. Hakina meno. Kuna kikombe juu ya flaiwili chenye gololi ndogo za chuma zilizoachwa huru ndani, na katikati yake ekseli yenye ncha ya mraba inayoingia kwenye puli ya kamba. Ukivuta, gololi zinajibana na kuibeba flaiwili; injini ikiwaka, gololi zinasukumwa pembeni na kukaa kimya. Wanaoiharibu ni wenye huruma nyingi, wanaosukuma grisi mle ndani. Gololi zinagandamana, kamba inatoka bila kuishika injini, na mtu anaamini amenunua mkweche. Dawa ni kufungua, kuosha kwa petroli, kukausha na kufunga, basi.

Sasa usidanganyike na mkono mwepesi. Briggs nyingi za tangu miaka ya 60 zina kemshafti (mhimili unaofungua vali) inayoiacha vali ya kuingizia ikiwa wazi kidogo wakati injini inazungushwa taratibu. Ukivuta polepole kama nilivyoeleza kwa Victa, utaona mbano ni hafifu hata kama injini ni nzima. Fanya hivi: toa waya wa plagi, legeza klachi ya kuendeshea silinda ya visu, fungua bati la juu, shika flaiwili kwa mkono uizungushe kwa nguvu kinyume na mwelekeo wake wa kawaida, yaani kinyume cha saa. Injini nzima itairudisha flaiwili kwa kishindo, kama mpira uliogonga ukuta. Iliyochoka itaizungusha tu kwa upole. Wauzaji wengi hawaujui mtihani huu, na nimeshaona mtu akipunguza bei mwenyewe kwa kunitazama tu nikiufanya.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu silinda ya visu ikiwa imelika, kuinoa kwa fundi kunaweza kuzidi bei ya mashine. Na si ya uwanja wenye vijiti na kokoto.

Ya tatu: kamba ya kuzungushia kwa mkono

Victa za miaka ya 50 zenye Villiers ziko hapa. Juu ya flaiwili kuna puli iliyo wazi yenye mkato ukingoni. Unachukua kamba yako yenye fundo, unatia fundo kwenye mkato, unazungusha mara mbili au tatu kufuata mshale, unakanyaga bati kwa mguu mmoja, unavuta. Kamba yote inabaki mkononi. Isipowaka, unaanza tena fundo, mkato, mizunguko.

Hakuna kitu cha kuharibika. Kamba ikikatika unakwenda kununua nyingine, ya pamba, unene wa kama milimita 5. Mimi nilijaribu ya katani kwa kuikumbuka Tanga. Ilichanika siku hiyohiyo. Ningekuwa nanunua kwa moyo ningeiweka ya kwanza, kwa vile mashine ya umri huu ikiwaka kwa mvuto wa pili, majirani wanatoka nje kuangalia.

Lakini kuna makosa mawili nitakayokukataza. Usiifunge kamba kiganjani. Injini ikipiga kinyume, au fundo likikwama kwenye mkato wakati imeshawaka, kamba inakuvuta wewe. Shika kipini tu, chenye uwezo wa kukuponyoka. Na puli ile inazunguka wazi muda wote wa kazi, kwa hiyo mtoto, leso na shati la mikono mipana vikae mbali.

Nyuma ya kamba kuna platini (vijibati vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche) na kondensa ndani ya flaiwili, na mara tisa kati ya kumi kinachoizuia mashine kuwaka ni uchafu pale. Imekaa stoo miaka 30, platini zimeota ukungu. Kwa Villiers, nati ya katikati ya flaiwili ina hila: ukiifungua inalegea, halafu inakaza tena, na kule kukaza kwa mara ya pili ndiko kunakoing'oa flaiwili. Mtu asiyejua hudhani ameharibu uzi, akaanza kupiga nyundo kwenye mapezi ya flaiwili. Yakague. Mapezi yaliyovunjika yanakuambia nani alikuwa fundi kabla yako.

Ya nne: ya kujaza springi

Hizi zilikuwa fasheni miaka ya 60. Juu ya injini kuna mkono unaokunjuka. Unauzungusha kama unajaza saa ya ukutani, tik-tik-tik, hadi ugome, unaukunja, unabonyeza au kugeuza kitufe, na nguvu yote uliyoijaza inaachiwa kwa mara moja. Injini nzima inawaka papo hapo na mtu anajiona fundi wa ndege. Kwa mwenye bega bovu ilikuwa neema.

Shida ni kwamba springi inakupa mizunguko michache tu. Injini ya miaka 60 inayotaka kuvutwa mara sita ndipo iamke itakufanya ujaze mara sita, na kila kujaza ni kazi. Vipuri ni vya kuwinda.

Na kuna jambo zito zaidi. Niliwahi kununua moja kwa dola 40, jina la kampuni naliacha. Nikajaza, nikabonyeza, ikatoa mlio mfupi ikanyamaza. Nikajaza tena, nikabonyeza, kimya kabisa. Nikailaza ubavu, nikaona waya wa uzio umejisokota kwenye kisu. Nikauchokoa kwa kijiti cha ufagio. Waya ulipotoka, kisu kilipiga nusu duara na kukikata kijiti vipande viwili, injini ikiwa haijawaka, plagi haina hata waya. Springi ilikuwa bado imejaa, inasubiri njia. Tangu hapo sheria yangu ni kwamba mashine ya namna hii haiguswi chini mpaka springi iwe imeachiwa na kisu kikizunguka huru. Kama muuzaji anakupa ikiwa na mkono uliogoma na kisu hakigeuki, muachie.

Ya mwisho: ya betri na ufunguo

Betri imekufa, chaja haipo, waya zimeliwa na panya, na mota ndogo ya kuwashia bei yake inazidi mashine. Inunue tu kama ina kamba pembeni, na uihesabu kama ya kamba.

Ukishafika kwa muuzaji

Gusa injini kabla hamjaanza mazungumzo. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika, na mashine nyingi huwaka vizuri zikiwa zimeshapashwa. Kunywa chai yake, subiri ipoe.

Beba plagi mpya, kibano cha plagi, tupa ndogo ya kusafishia platini na kipimo cha nafasi. Kati ya platini, Briggs zinataka nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita. Beba na petroli yako kwenye chupa ya chuma, isiyo na ethanoli. Pampu nyingi hapa huuza E10, petroli yenye ethanoli, kwa bei ya chini, na hiyo inalainisha mipira na koki za zamani hadi zinavuja. Ukiilaza mashine ya foo-stroki (ile yenye oili yake pembeni, isiyochanganywa na petroli) kuangalia kisu, kabureta iangalie juu, la sivyo oili itaingia pasipotakiwa na utamwaga moshi mtaa mzima.

Mimi wiki iliyopita nimeleta Victa ya 160. Muuzaji alisema haijawaka tangu mkewe ahamie Perth. Ilitaka plagi, kitufe cha mpira cha kusukumia petroli, na mivuto minne.