Vitabu vitatu vya Emily, kwa msichana anayeandika kwa kujificha

Wasomaji wengi wanamjua L. M. Montgomery kwa Anne of Green Gables ya mwaka 1908. Vitabu vyake vya Emily vilikuja baadaye: Emily of New Moon (1923), Emily Climbs (1925) na Emily's Quest (1927). Kwa msichana wa Wete au wa Mji Mkongwe anayeandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu na kulificha chini ya godoro, Emily ndiye wa kusomwa kwanza. Anne anapenda maneno. Emily anayafanyia kazi: anaandika, anafuta, anapeleka kwa wahariri, anarudishiwa, anaandika tena.

Hadithi yenyewe ni ya yatima. Mama yake Emily Byrd Starr amefariki zamani, na kitabu kinapoanza baba yake, mwandishi wa magazeti, anakufa kwa kifua kikuu. Ndugu wa mama, ukoo wa Murray, wanakuja mazikoni na kupiga kura nani abebe mzigo wa mtoto, na mtoto mwenyewe yuko chini ya meza anawasikia mmoja mmoja wanavyomsema. Kura inamwangukia Elizabeth, mwanamke mkavu asiyejua kubembeleza. Emily anapelekwa New Moon, shamba la ukoo katika kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, kisiwa cha udongo mwekundu ambako kila mtu anajua babu ya mwenzake alikuwa nani. Msomaji wa visiwani hatapotea.

Atapotea kwenye majina ya ujamaa, na hapa pana haja ya kusimama kidogo. Kiingereza kina neno moja tu kwa dada wa baba na dada wa mama, na anayesimulia kwa Kiswahili huteleza akasema "shangazi Elizabeth". Si shangazi. Elizabeth, Laura na Ruth ni dada wa mama kwa baba mmoja, na mama yake Emily ndiye mdogo wao. Kwetu wote watatu ni mama wakubwa, na Wallace na Oliver ni wajomba. Jimmy, binamu yao anayeishi nao New Moon, kwetu mtoto angemwita mjomba bila kufikiri. Ukilipanga hivyo kichwani tangu mwanzo, ukali wa Elizabeth unapata maana nyingine: huyu ni mama mkubwa ambaye hajawahi kumsamehe marehemu mdogo wake kwa kutoroka na mwanamume asiyetakiwa na ukoo, na sasa analea mtoto aliyezaliwa na ndoa ile.

Jambo ambalo Montgomery analijua kuliko waandishi wengi wa hadithi za namna hii ni karatasi. Karatasi ni ghali, na Elizabeth haoni sababu ya kuipoteza kwa upuuzi. Emily anaikuta darini: mabunda ya fomu za posta zilizobaki tangu New Moon ilipokuwa na ofisi ya posta wakati wa babu, upande mmoja zimechapwa, upande wa pili ni weupe. Juu ya huo weupe anamwandikia barua baba yake aliyekufa. Baadaye Jimmy anaanza kumnunulia madaftari kimyakimya, moja likiisha linakuja jingine, na hapo ndipo mtoto anapata kuandika kwa wingi unaohitajika. Jimmy huyu watu wanamwona punguani kwa sababu utotoni alitumbukia kisimani, na aliyemsukuma ni Elizabeth. Ana mamia ya mashairi kichwani ambayo hajapata kuyaandika, na huyaghani jioni anapochemsha viazi vya nguruwe. Watu wa Pemba, ambako beti za Kamange na Sarahani zimeishi midomoni mwa watu kabla ya kukaa kwenye vitabu, watamtambua upesi kuliko wasomaji wa London.

Uzi unaovifunga vitabu vyote vitatu ni swali la nani anasoma unachoandika. Mwanzoni kabisa, watu wazima wanapotaka kulisoma daftari lake, Emily analitupa kwenye jiko la moto kuliko kuwaachia. Kisha Elizabeth anazikuta barua za baba darini na kuzisoma zote, pamoja na yale aliyoandikwa yeye mwenyewe. Mtoto anamkabili. Mwishowe mama mkubwa anakiri kwamba hakuwa na haki ya kuzisoma, na kwa mwanamke wa namna ile maneno hayo ni mazito kuliko busu mia. Mzazi anayepekua madaftari ya bintiye asome sura hizo polepole.

Kisha anakuja mwalimu Carpenter, mlevi, mkali, aliyeshindwa maisha. Mwisho wa kitabu cha kwanza Emily, mwenye miaka 13, anampelekea mashairi yake. Carpenter anapita shairi baada ya shairi, analikejeli hili kwa kuiga, lile kwa maneno makubwa yasiyobeba kitu, na katika mamia ya mistari anaikubali kama kumi hivi. Mistari kumi ni mingi kwa umri ule, na anamwambia hivyo. Halafu Emily anagundua amempa kimakosa daftari jingine, lenye picha ya maneno aliyomchora mwalimu mwenyewe bila kumficha ulevi wake, na Carpenter analisoma hapo hapo mbele yake. Anayefundisha insha skulini aisome sura hiyo ya 31 kabla ya kushika kalamu nyekundu. Hukumu ya Carpenter ina faida kwa sababu anaonyesha mstari wenyewe na ubovu wake. Hasemi tu "nzuri" au "mbaya".

Emily Climbs ndicho bora kwa anayejifunza kazi. Emily anataka kwenda skuli ya sekondari Shrewsbury, na Elizabeth anataka kwanza aache kuandika kabisa. Anakataa. Jimmy anapatanisha: aende, lakini kwa miaka mitatu asiandike jambo lolote la kubuni. Kinachoonekana adhabu kinageuka mazoezi: anaandika shajara, anachora watu alivyowaona, anaripoti habari, na Carpenter anaona sharti hilo litamfaa. Jaribuni wenyewe kwa mwezi mmoja: ukurasa kila siku kuhusu kitu kilichotokea kweli, bila kuongeza hata kikombe ambacho hakikuwepo mezani. Ndani ya kitabu hiki mna pia barua za kukataliwa, malipo ya mwanzo ambayo si fedha taslimu, na mwaliko wa kwenda kufanya kazi New York ambao Emily anaukataa ili abaki kisiwani. Msomaji asikubali haraka uamuzi huo. Ndani ya nyumba zetu wako waliobaki na walioondoka, na hoja za pande zote mbili zimo kitabuni.

Emily's Quest ni kifupi na chenye huzuni, na kasoro zake ni nyingi zaidi. Miaka inarukwa, mapenzi ya Emily na mchoraji Teddy Kent yanakwamishwa na kutoelewana ambako mazungumzo ya dakika tano yangekumaliza, na mwisho umeharakishwa. Lakini humu ndimo ilimo sura nzito kuliko zote. Emily anamaliza riwaya yake ya kwanza na kumpa rafiki yake mtu mzima, Dean Priest, aisome. Dean anamwambia ni kitu kizuri chepesi kisicho na uzito, na Emily anaichoma. Ni moto wa pili, na safari hii hakuna aliyekuwa akimpokonya. Akikimbia kutoka chumbani anajikwaa kwenye kikapu cha kushonea ngazini, mkasi unamchoma mguu, sumu inaingia kwenye damu, na nusura afe.

Kuhusu Dean ni lazima kusema wazi. Alikuwa rafiki wa baba yake, mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, na alikutana na Emily akiwa bado mtoto, akamwokoa kwenye jabali, akaanza kumwona ni wake. Vitabu vinampenda mno kabla ya kumhukumu. Kikundi cha wasichana kinachosoma pamoja kisipite hapo bila mazungumzo, na awepo mtu mzima wa kuyaongoza.

Mambo machache ya matumizi. Kiingereza chake kinamfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea. Kinachochosha ni majina ya maua na miti, na hayo yanaweza kurukwa bila hasara. Barua za Emily katika kitabu cha kwanza zimejaa makosa ya tahajia, na yamewekwa makusudi ili msomaji aone mtoto anavyokua, kwani yanapungua kadiri anavyoendelea. Msiyasahihishe kwenye nakala mkidhani ni kosa la chapa, wala msiyanakili. Nyumba ni ya Kikristo, sala na mahubiri yamo. Kitabu cha kwanza kina sura 31: sura mbili kwa kikao, wiki moja kikao kimoja, kinakwisha kwa miezi minne.

Vyote vitatu vinapatikana bure kwenye Project Gutenberg Australia, kwa hiyo simu inatosha. Ukiagiza nakala za karatasi, epuka zilizofupishwa kwa watoto. Barua na shajara ndizo zinazokatwa kwanza, na bila hizo mwandishi hayumo tena. Nakala za jalada laini haziipendi masika yetu: gundi ya mgongo huachia na kurasa hupata madoa ya unyevu, basi zisiegemezwe kwenye ukuta wa mawe na chokaa.

Na anayefika pale mswada unapoungua asifunge kitabu kwa hasira. Mbele Dean anakuja kukiri mwenyewe kwamba alisema uongo kwa wivu, na kwamba riwaya ile ilikuwa nzuri. Riwaya iliyoungua hairudi. Emily anaandika nyingine, sura moja moja, ili kumsomea Elizabeth aliyelala na mguu uliovunjika, na wachapishaji wanapoikataa na mwenyewe kuiweka kando, Jimmy anaichukua na kuipeleka kwingine bila kumwambia mtu.