Uzoefu wangu Fischerviertel, mtaa wa wavuvi wa Ulm

Kati ya miji ya kale niliyotembelea kusini mwa Ujerumani, Fischerviertel ndio mtaa ninaompendekezea kila anayeniuliza. Mto Blau ukifika hapo hugawanyika, ukapenya katikati ya nyumba, kisha ukamwaga maji yake kwenye mto mkubwa wa Donau (Danube). Wavuvi na watengeneza ngozi walijenga hapo kwa sababu kazi zao zilitaka maji mlangoni.

Zisogelee nyumba zenyewe, usiishie kupiga picha ukiwa darajani. Boriti nene za mbao ndizo zinazobeba uzito wote. Nafasi zilizobaki zilizibwa kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Aliyelelewa kwenye nyumba ya miti na udongo ataielewa kazi hiyo mara moja, na nakiri iliniingia moyoni kuona ufundi kama ule ukitunzwa kwa heshima kiasi hicho.

Schiefes Haus, yaani "nyumba iliyopinda", ya karne ya 15, imeegemea mto kabisa. Upande wa majini umedidimia kuliko wa nchi kavu, na ukitazama ukuta wake unaona mistari ya boriti ikiteremka kuelekea majini. Sasa ni hoteli, na mwaka 1997 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kuwa hoteli iliyopinda kuliko zote duniani. Sikulala humo.

Ukumbuke pia kwamba mashambulizi ya ndege ya tarehe 17 Desemba 1944 yaliteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale. Ndiyo maana vichochoro hivi vilivyosalimika nilivipitia polepole.

Kutembea mtaani ni bure. Ukimaliza, panda juu ya ukuta wa zamani wa mji ulio kando ya Donau. Mapaa yanaonekana vizuri kutoka huko. Barabara ni za mawe, kwa hiyo kigari cha mtoto kitakusumbua. Kwa chakula, Käsespätzle, yaani tambi za mayai na jibini juu yake vitunguu vya kukaanga, hushibisha kweli. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana Maultaschen, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa, huwa na nyama hiyo ndani mara nyingi.

Kutoka Stuttgart treni ya kasi haichukui hata saa moja. Nenda asubuhi siku ya kazi. Wikendi mchana madaraja hujaa watu na hupati nafasi ya kusimama.