Mitego ya panya stoo kwa mama: niliyonunua, na namna tunavyoitega bila kuumia vidole

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mama alinipigia simu kutoka Kilosa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefanya kosa, akasema mtego umempiga kidole. Alikuwa anatega panya stoo jioni, tochi ameibana kwapani, chuma kikamponyoka. Ukucha wa kidole cha shahada ulitoka wote. Mama ana miaka 68 na vidole vyake vina baridi yabisi, hata kifuniko cha chupa ya mafuta humshinda siku za baridi. Tangu jioni ile hakutega tena. Nilipofika wiki tano baadaye nilikuta mifuko minne ya PICS, ile ya kuhifadhia mahindi, imetobolewa.

Wenye mahindi mnaijua hasara hiyo. Mfuko wa PICS una tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya sandarusi nje, na kazi yake ni kuzuia hewa mpaka dumuzi, mdudu wa mahindi tunayemwita Scania, afe bila kuwekewa dawa. Jino la panya likishapita, hewa inaingia na mfuko unakuwa kiroba cha kawaida. Panya wenyewe walikuwa wamekula kama debe moja. Dumuzi waliofuata walisaga karibu gunia mbili kuwa unga. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu kuhusu kitu kinachoonekana kidogo kama mtego wa panya. Mtego ninaoweza kuutega mimi lakini mama akauogopa hauna faida katika nyumba ile, kwa sababu anayelala pale kila siku ni yeye.

Sumu niliikataa tangu mwanzo. Mama anafuga kuku, ana paka, na wajukuu wanaingia stoo kucheza. Zile pakiti ndogo zinazouzwa njiani bila maandishi ya maana sizitaki karibu na chakula cha watu. Gundi nayo nilijaribu usiku mmoja tu. Asubuhi nilikuta mjusi na panya mtoto wamenasa pamoja, wote hai, wanavutana. Sikuinunua tena.

Nilinunua aina tatu sokoni Morogoro mjini: mitego sita ya ubao ya ukubwa wa panya, kila mmoja shilingi 2,500, mitego sita ya plastiki inayobana kama kibanio cha nguo, shilingi 5,000 kila mmoja, na kizimba kimoja cha waya kwa 14,000. Baadaye nikaongeza plaizi ya kujifunga, ile ambayo ukibana inabaki imebana yenyewe mpaka uifungue, kwa 9,000, na glovu za mpira.

Nianze na wa ubao, maana ndio uliomuumiza mama na ndio wengi wanao. Umbo lake halijabadilika sana tangu William Hooker wa Illinois, Marekani, alipopewa hati miliki ya mtego wa namna hii mwaka 1894. Una ubao, springi katikati, chuma cha kupiga, kijiti cha kuzuia, na kibati kidogo cha chambo. Nguvu unayo na bei ni ndogo. Shida ipo kwenye kutega. Mkono mmoja unazuia chuma kilichovutwa nyuma, mkono wa pili unahangaika kuingiza ncha ya kijiti chini ya kibati, na ncha hiyo inashika kwa upana wa punje ya mchele. Wenye vidole vizima hufanya kwa mazoea. Mwenye vidole vinavyotetemeka hachelewi kuumia.

Plaizi ya kujifunga ndiyo iliyobadilisha mambo. Tunafanya hivi. Chambo kinawekwa kwanza, mtego ukiwa umelala bila nguvu. Halafu unavuta chuma nyuma mpaka kiguse ubao, na hapohapo unakibana pamoja na ubao wenyewe kwa ile plaizi, upande wa nyuma usio na chambo. Sasa chuma hakiwezi kwenda popote hata ukikohoa. Mikono yote miwili iko huru. Unalaza kijiti juu ya chuma, unasukuma ncha yake chini ya kibati kwa bisibisi badala ya kidole, unaupeleka mtego mahali pake plaizi ikiwa bado imebana, na hapo ndipo unaiachia.

Kuachia nako kuna namna yake, na hili hakuna aliyeniambia, nililijifunza kwa kupoteza usiku mbili. Ukibonyeza kile kishikio cha kufungulia, plaizi inaachia kwa mshtuko na mtego unafyatuka palepale. Dawa yake ni ile skrubu ya mwisho wa mpini. Izungushe taratibu mpaka meno yalegee yenyewe, kisha uivute plaizi nyuma. Na kama mtego lazima ushikwe ukiwa umetegwa, ushikwe kwa kingo za upande wa nyuma, kwa sababu chuma kikifyatuka kinakimbilia upande wa chambo. Kuutegua tunatumia mpini wa ufagio. Hakuna anayegusa kibati kwa mkono, hata mimi.

Kati ya ile sita ya ubao, miwili ilikuja na kibati kigumu kiasi kwamba panya alikula karanga zote akaondoka zake. Nilikichonga kidogo kwa tupa ukingo wake, pale kijiti kinaposhika, kikawa chepesi. Mmoja ulipasuka ubao mwezi wa tatu. Springi zinashika kutu masika, na mafuta ya kula tone moja kwa mwezi yanatosha.

Huu wa plastiki, kwa kweli, ndio ningemnunulia mtu mzima yeyote. Nyuma una bapa mbili kama za kibanio. Unazibana, mdomo unafunguka, unasikia “ka!”, umekwisha kutegwa. Mama anauweka sakafuni na kuukanyaga kwa kisigino cha kandambili, kidole chake hakifiki kokote karibu na meno. Kikombe cha chambo kinachomolewa kwa chini, hivyo unaweza kubadilisha karanga bila kuutegua. Panya akishafia humo, unabana tena bapa zile juu ya shimo na anaanguka mwenyewe. Mara ya kwanza mama alipoutega mbele yangu aliutazama muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, huu si ndio ungeniletea zamani.” Neno hilo lilinichoma, maana mitego hii nilikuwa naiona mjini kila wiki.

Kasoro zake nazo nizitaje. Kwa panya paa mkubwa, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, baadhi ya mitego hii humbana mgongoni bila kumuua haraka, na mnyama akateseka. Sipendi. Kwa hiyo juu ya boriti, wanakopita wakubwa, tunaweka ya ubao, na ya plastiki inabaki chini kwa panya shamba. Pia meno ya mtego mmoja yalikatika. Muuzaji alikataa kunibadilishia, akasema kilichotoka kibandani hakirudi. Siku hizi natega na kutegua kila mmoja mara tatu palepale kabla sijalipa.

Panya shamba ndiye adui wetu mkubwa upande wa Kilosa. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, wamemchunguza kwa miaka mingi, na wakulima tumeona kwa macho kile wanachokisema: mvua zikiwa nzuri anazaliana kupita kiasi. Jike mmoja aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, na mimba yake ni wiki tatu tu na siku chache. Tukishavuna, shamba likabaki tupu, anahamia ndani. Huyu si mjanja sana, unamtega leo na kesho umempata. Panya paa ni tofauti kabisa, kitu kipya njiani mwake anakikwepa. Kwake tunaacha mtego usiku tatu na chambo juu yake bila kuutega, anakula na kuuzoea, usiku wa nne ndio tunautega. Usiku huo wa kwanza wa kutega tulipata wanne.

Chambo kilichoshinda vyote kwetu ni nazi iliyochomwa juu ya mkaa mpaka itoe harufu, kipande kama ukucha, kimefungwa kwa uzi kwenye kibati ili asikichomoe. Dagaa wa kukaanga wanafuata. Karanga za kusaga ni nzuri kwenye kikombe cha plastiki lakini sisimizi huzimaliza. Mahindi usihangaike nayo, amezungukwa na magunia 20 ya mahindi, ya nini aje kwenye punje yako?

Mahali pa kutega ni ukutani. Panya hapendi kukatiza uwanja, anatembea na sharubu zake zikigusa ukuta, kwa hiyo mtego tunaupanga ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukiwa umeugusa. Kwa sababu ya kuku na wajukuu, kila mtego wa chini tunaufunika kwa kipande cha bomba la plastiki la inchi 6 lililopasuliwa katikati kwa urefu na kulazwa kifudifudi. Panya anapita kwenye kihandaki chake akijiona salama, mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki. Mabomba hayo ni mabaki niliyopewa na fundi, sikulipa hata senti. Ya kwenye boriti tumeifunga kwa waya mwembamba kwenye msumari, kwani panya aliyebanwa mguu aliwahi kutoroka na mtego mzima juu ya dari na tukaishi na harufu wiki nzima.

Sasa glovu. Kuna watu hucheka mtu akivaa glovu kwa ajili ya panya. Julai 2022 homa ya mgunda ilizuka mkoani Lindi, watu watatu walifariki kabla ugonjwa haujatambuliwa, na vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Tauni nayo imewahi kuua watu Lushoto na Mbulu, na mwenye kuibeba ni kiroboto wa panya. Kiroboto anamwacha mzoga unapopoa, akitafuta mwili wenye joto. Kwa hiyo asubuhi hatukimbilii kuchomoa. Tunanyunyizia maji yenye jiki kwanza, tunasubiri kidogo, tunavaa glovu, tunaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, tunamshika panya kwa nje ya mfuko, tunaugeuza na kuufunga. Anazikwa shimo la urefu wa mkono, mbali na kisima. Sakafu yenye mavi ya panya haifagiliwi kavu hata siku moja. Inalowanishwa kwa maji ya jiki, ndipo inafutwa kwa kitambaa. Mama alilipinga hili mwanzoni, ufagio wa chelewa ndio aliokulia nao. Nikamweleza lile vumbi linakoingia, akakubali.

Kile kizimba cha waya ndicho salama kuliko vyote kutega: unatundika chambo kwenye ndoano, unainua mlango, basi. Ila kinamkamata mmoja tu kwa usiku, na wenzake wakimsikia analia hawasogei. Faida yake niliiona siku moja tu, aliponasa panya buku mkubwa wa karibu kilo moja. Mtego wa ubao ungemvunja taya na kumwacha hai. Sisi wa mkoa wa Morogoro tuna heshima fulani kwa panya buku, maana ndio wanaofundishwa pale SUA na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania akafanya kazi Kambodia na kupewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Niliamka alfajiri nikampeleka yule wetu ng'ambo ya mto, kwenye pori, kizimba kimefunikwa kwa gunia ili atulie.

Jambo moja nisieleweke vibaya. Kutega ninakozungumzia ni kwa panya wanaokula chakula chetu. Vitanzi vya nyaya porini ni habari nyingine, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inavikataza, na kitanzi hakichagui, kilichowekwa kwa swala kinamkata simba mguu.

Kwa msimu mzima, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na moja, mama aliandika kwenye daftari la mjukuu: panya 87. Mifuko ya PICS iliyotobolewa ni mmoja, na huo ulikuwa umeegemezwa ukutani, kosa letu. Sasa magunia yamekaa juu ya vichanja, nusu mita kutoka ukutani, na mtu anaweza kuzunguka kote na tochi. Mlango nao umepigiliwa bati chini, kwani panya mdogo hupenya uwazi usiozidi unene wa penseli.

Jumla nilitumia shilingi 70,000 na chenji kidogo, pungufu ya nilivyodhani. Ningeanza upya, ningechukua mitego minane ya plastiki na minne ya ubao, na plaizi ningeinunua siku ileile ya kwanza. Kizimba ningeazima kwa jirani.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mama saa moja usiku. Akaniambia nisubiri kidogo, anamalizia kutega. Nikasikia kwenye simu: ka, ka, ka, mitego sita mfululizo, halafu mlango wa stoo ukafungwa.