Busta ya Breki ya Datsun 240Z: Tumeifunga Mbeya, Tukaijaribu hadi Kyela

Habari zenu, watazamaji, na karibuni tena gereji, hapa Mbeya. Kilichopo mezani mbele yangu ni busta ya breki, yaani kopo la bati linaloongezea nguvu mguu wako unapokanyaga breki, ya Datsun 240Z, iliyokarabatiwa nje ya nchi na kutufikia kwa kifurushi, na gari mnaloliona nyuma yangu, lile lenye boneti ndefu na nafasi ya watu wawili tu, limekuwa likiisubiri juu ya mawe kwa miezi mitatu. Kwa vijana wasiolifahamu, gari la aina hii ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Likipita Mwanjelwa, wazee bado husimama kulitazama.

Mwenye gari, mzee wangu mmoja wa Uyole, alilileta akilalamika kwamba pedali ya breki imekuwa ngumu kama anakanyaga jiwe. Fundi aliyetangulia alikuwa amemwambia kwamba kuna upepo kwenye mabomba. Akautoa mara mbili, akalipwa mara mbili, na pedali ikabaki vilevile. Breki yenye upepo huwa laini, pedali huzama na kurudi kama sifongo, ilhali pedali ngumu inayodai nguvu ya mguu mzima huelekeza kwenye busta au kwenye bomba linaloiunganisha na injini.

Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano hadi pedali iwe ngumu, kisha uendelee kuikandamiza huku ukiwasha gari. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu wako mara injini inapowaka. Ya mzee haikushuka hata kidogo. Badala yake tulisikia hewa ikivuma chini ya dashibodi na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikayumba, kwa sababu hewa iliyokuwa ikipenya kwenye mpira wa ndani ya busta uliochanika ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye injini.

Tulipoifungua tulikuta chanzo. Tazameni hapa, chini ya mahali ambapo masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, hukaa: rangi imebabuka hadi bati limebaki tupu, na ukiinamisha busta hii ya zamani, mafuta ya breki yanachuruzika. Sili ya nyuma ya masta silinda ndiyo iliyokuwa ikivuja, mafuta yakawa yanaingia ndani ya busta na kuula mpira wake taratibu. Ndiyo maana sikukubali kufunga busta mpya na kuirudisha masta silinda ileile, ingawa mzee alinisihi tupunguze gharama.

Sasa niseme juu ya bidhaa yenyewe. Bati limepigwa rangi vizuri, mkunjo unaounganisha nusu mbili za kopo umebanwa sawasawa pande zote, na tulipoinyonya hewa kwa pampu ya mkono na kuiacha, geji haikurudi nyuma. Hapo muuzaji anastahili sifa. Lakini haikuja na valvu ya upande mmoja, ile inayolinda ombwe (mnyonyo wa hewa) ndani ya busta kwa kuzuia hewa isirudi kutoka kwenye injini, wala haikuwa na karatasi hata moja ya maelekezo. Bei sitaitaja, kwa sababu usafiri na ushuru vilikaribia kulingana nayo, na hesabu ya kila mtu itakuwa tofauti.

Kasoro kubwa niliyoikuta ni urefu wa ufito wa mbele, ambao mafundi wengi huuita pushirodi. Tulipoiegesha masta silinda kwenye busta kabla ya kukaza nati, ufito uligusa pistoni mapema, ukabaki uwazi wa takribani milimita 2 kati ya vyuma viwili vilivyopaswa kukutana. Angekuwepo fundi mwenye haraka, angekaza nati hadi uwazi uishe, na gari lingetoka gereji likiwa na breki nzuri kabisa kwa kilomita chache za mwanzo. Kisha, kwa kuwa pistoni hairudi hadi mwisho na tundu la kurudishia mafuta limezibwa, joto lingeongeza shinikizo na magurudumu yangeanza kujishika yenyewe.

Marekebisho hufanyika kwa kuzungusha ncha ya ufito huku ufito wenyewe ukiwa umeshikwa kwa koleo. Usiuvute nje! Ndani kabisa kuna kisahani kidogo cha mpira kinachokaa kati ya ufito huu na pistoni ya upande wa pedali. Ukiuvuta ufito, kisahani hicho huweza kudondoka ndani ya busta, na ukifunga bila kujua, breki itakuwa ya kushtukiza: unagusa kidogo, gari linagoma ghafla. Magari haya yanajulikana kwa ugonjwa huo. Kupima uwazi uliobaki, nilichukua donge dogo la unga wa chapati kutoka kwa mama anayepika hapo nje, nikalibandika kwenye ncha ya ufito, nikaifunga masta silinda na kuifungua tena. Donge lilibaki na unene usiofika milimita 1, na hicho ndicho nilichokitaka. Mama alicheka sana.

Kazi iliyobaki haina mengi: nati nne chini ya dashibodi, pini ya pedali, bomba la ombwe jipya, kisha kutoa upepo kwenye magurudumu yote manne, diski za mbele na ngoma za nyuma.

Jambo ambalo maelekezo ya nje hayatawaambia ni mwinuko wetu. Busta haina nguvu yake yenyewe. Inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya kawaida na ombwe la injini, na hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Vitabu husema injini nzima isome inchi 18 hadi 21 za zebaki, kipimo cha ombwe, kwenye sailensa, lakini hiyo ni pwani. Huku juu hupungua takribani inchi moja kwa kila mita 300. Geji yangu ilisoma 14, na nimeshaona injini isiyo na kosa ikifumuliwa kwa sababu ya namba kama hiyo.

Kwa hiyo tuliliendesha gari. Tulipanda kutoka Uyole hadi Isongole, ambako pedali ilidai mguu mzito zaidi kidogo, tukateremka Tukuyu kwa gia, hadi Kyela, ambako geji ileile ilisoma 18 na breki ikawa nyepesi kiasi kwamba mzee alidhani nimegusa kitu njiani. Katika mteremko ule nilimwomba asizime injini kuokoa mafuta, kama alivyozoea, kwa kuwa injini ikizimwa busta hubakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, na baada ya hapo ni mguu wako na jiwe lilelile.

Alama yangu kwa busta hii ni saba kati ya kumi. Ningeiongezea moja kama ufito ungekuwa umepimwa, na nyingine kwa valvu. Mwezi ujao nitafungua nati mbili za masta silinda na kupitisha karatasi nyeupe nyuma yake. Ikitoka kavu, nitawaonyesha.