Laptopu za ex-UK za kuwekea Linux: ipi uianze ukiingia madukani Mombasa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuitunza Windows 10 bure kama zamani, na Windows 11 kwa kawaida haizipokei rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Basi madukani kumejaa mashine nzima, chuma kizuri kilichotumika maofisini Ulaya, zinazohesabiwa kuukuu ilhali hazijachoka. Kwa anayehamia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, hiyo ni neema. Prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7 huibeba Linux Mint, mojawapo ya matoleo yake, bila kuhema.

Nazungumzia laptopu (watu wa redio husema vipakatalishi, sijapata kusikia mteja akiuliza hivyo dukani) zile za mitumba ziitwazo ex-UK, kwenye vioo vya Moi Avenue na Digo Road. Juzi nilimsindikiza binti wa jirani anayeanza masomo TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa), pale Tudor, na shilingi 25,000 mkobani. Tulizunguka mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Huu ndio mpangilio tuliotoka nao.

Ya kwanza ni Lenovo ThinkPad T470. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka, kwa hiyo waweza kubadilisha ya nje bila kuizima mashine. Aliyekatikiwa na stima katikati ya kazi ajua thamani yake. Ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ina nafasi mbili, zote za kuchomeka. Ukinunua ya GB 8 leo, utaiongeza siku ukipata. Wi-Fi, sauti na kamera huamka zenyewe ukiwasha Linux. Kasoro zipo. Nyingine zina kioo cha 1366 kwa 768, kimefifia kama sufuria ya mkaa. Wewe dai cha 1920 kwa 1080. Kisoma vidole nacho usikitegemee kwenye Linux. Tena angalia herufi ya mwisho: T470s ni nyembamba na ya kupendeza, lakini betri zote zimefungiwa ndani na sehemu ya ramu imegandishwa kwenye bodi.

Kaka yake, T480, ana prosesa ya kizazi cha 8 yenye kore (viini vya kufanyia kazi) nne badala ya mbili. Ni bora kweli. Lakini huyo anaikubali Windows 11 pia, na muuzaji analijua hilo, kwa hiyo bei hupanda. Ukimpata, jaribu tundu la USB-C la chaja kabla ya kulipa: T480 za mwanzo zilikuwa na hitilafu ya programu ya Thunderbolt (inayoendesha tundu hilo) iliyoweza kuliua tundu hilo, na Lenovo wakatoa sasisho la kuirekebisha.

Ya pili, Dell Latitude 5480. Nzito kidogo, haina madaha, na masasisho yake ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) huja moja kwa moja ndani ya Linux kama ya Lenovo. Ya tatu, HP EliteBook 840 G3, ambayo ndiyo utakayoonyeshwa kwanza kila duka. Si mbaya hata kidogo, na fundi yeyote wa mjini ameshaifungua mara mia. Nimeiweka chini ya T470 kwa sababu betri iko ndani, chini ya mfuniko wa skurubu, nasi huku na joto letu tunabadilisha betri kila mara.

MacBook Air za kabla ya 2018 zinavutia macho. Ramu imegandishwa, diski ni ya umbo lake peke yake, na Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi hukataa mpaka uitafutie draiva (programu ya kuiendesha), sasa utaipakuaje bila intaneti? Chromebook za bei ya chini ziache kabisa. Nyingi zina hifadhi ya GB 16 au 32 na ramu isiyoongezeka, na kuzitoa kwenye mfumo wa Google ni kazi ya kufungua mashine na kucheza na firmware yake (programu iliyo ndani ya chuma).

Usiende dukani mikono mitupu. Pakua Linux Mint nyumbani, ni karibu GB 3, uiweke kwenye flashi ya GB 8. Dukani, zima mashine, iwashe ukibonyeza F12 kwa ThinkPad na Dell, au F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo jaribu kibodi herufi kwa herufi, kamera, spika. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike upower -d, usome mstari wa capacity, yaani asilimia ya uwezo uliobaki kwenye betri. Ikiwa chini ya 60, bei ishuke.

Muuzaji mmoja alitwambia, “Ami, hii ni kama mpya, ya nini kuipima?” Nilishaumwa na nyoka, wallahi. Mwaka juzi nilichukua mashine safi, nikafika nayo nyumbani Majengo, kumbe BIOS ina nenosiri la ofisi iliyoitupa. Haikukubali flashi, na duka halikukubali kuirudisha. Ingia BIOS mbele ya muuzaji.

Kwa mfumo wenyewe, Mint 22 yatosha. Itatunzwa hadi 2029. Kwa ramu ya GB 4 chukua toleo lake jepesi la Xfce. LibreOffice, programu za kuandikia na za hesabu, huja nayo na hufungua faili za Word vizuri, ila nyaraka zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), hasa fomu za kodi, zijaribu kwanza. Wala programu za ofisi za Kiswahili si jambo geni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Binti alichukua T470 ya GB 8, akabakiwa na nauli ya tuktuk. Mimi kwangu bado nina mashine moja ya Windows, kwa sababu programu ya hesabu za duka la mke wangu haijui mfumo mwingine. Ukiwa na ya namna hiyo, weka mifumo yote miwili kwenye diski moja, na nakala ya faili zako uitoe kwanza.