Kufuta uhuishaji au kuuzima tu?

Juzi ofisini Upper Hill nilirithi slaidi 40 za mwenzangu, kila sentensi ikiingia kwa kuzunguka kama matatu inayosaka abiria barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kikao kilikuwa baada ya dakika tano, nikauzima uhuishaji huo (miondoko ya maandishi na picha): kwenye PowerPoint, fungua mipangilio ya onyesho, weka tiki penye kuonyesha bila uhuishaji. Basi. Ukitoa tiki, uhuishaji wote unarudi.

Kufuta ni slaidi moja moja: fungua kidirisha cha uhuishaji, bofya athari mojawapo, Ctrl+A, Delete. Kunachosha, ila faili la kwenda kwa mteja mimi hufuta, maana tiki yeyote aweza kuitoa. Halafu kagua picha zilizokuwa zikipokezana, utazikuta zimelaliana.